Mzee Aliyeliliwa Kiangazi

Wiki iliyopita binti yangu aliyeolewa Dar es Salaam aliniletea kiti. Kilikuja juu ya basi, kimefungwa maboksi na kamba za katani, na makuli wawili wa stendi walikitua kama wanatua jeneza la mtu mzito. Kina mito. Kina pa kuwekea miguu. Ukivuta mpini wa pembeni kinajilaza chenyewe kama ng'ombe aliyeshiba. Chini ya mto kulikuwa na barua: "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Na goti lako hilo. Sasa kaa upumzike."

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mwenye huruma. Kisha nikakaa. Kitamu, jamani! Nikasinzia tangu saa nne asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na nilipotaka kusimama goti likakataa. Hapo nikamkumbuka Mzee Nambunga, nikaogopa. Ndiyo sababu nimeomba daftari. Nawaandikia nyie vijana, wanangu na wa wenzangu, hasa nyie mlioanza kushika hela na mnatafuta namna ya kuwaheshimu wazee wenu. Nisomeni kabla hamjafanya nilichofanya mimi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Kosmasi. Nimezaliwa kule juu, uwanda wa Wamakonde, nikasoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa na shamba la mihogo na mimi nilikuwa na mikono. Kalamu naishika kama mpini wa jembe, mtanisamehe. Lakini ulizeni mwambao wote huu, toka Sudi mpaka kupita Kilwa, ni nani aliyepeleka chumvi nyeupe bara kwa lori lake mwenyewe ruksa ya biashara ya watu binafsi ilipoanza, wakati wengine bado wanaulizana kama ruksa yenyewe ni ya kweli au mtego. Watawatajia jina langu. Wasipolitaja, wana wivu.

Kazi ya chumvi wengi mnaiona ni maji na jua. Mnajidanganya. Bahari inapojaa sana, maji ya bamvua, unafungua lango na kuyaingiza kwenye bwawa kubwa. Hapo yanakaa, jua linayanywa. Yakipungua unayahamisha bwawa la pili, kisha unayagawa kwenye majaruba, yale madogo mapana ambayo sakafu yake ni udongo uliokanyagwa kwa miguu mpaka umekuwa kama sufuria. Yanazidi kuwa makali, yanageuka rangi kama maji yaliyooshewa nyama. Halafu asubuhi moja unakuta juu pameota ngozi nyeupe. Hiyo ndiyo chumvi. Inazama, inajijenga, unaivuta kwa reki ya mbao, ubao mtupu uliopigiliwa mpini, hauna meno. Unaikusanya vichuguu, unaifunika makuti.

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la chumvi, kijana nimeshuka tu pwani, nilivuta reki kama nalima mihogo. Nikajisifu nimewapita wote: wao vichuguu viwili, mimi vinne. Vyangu vilikuwa vyeusi kama mkaa. Nilikuwa nimechimba sakafu, tope lote limepanda.

Mnyapara wa shamba akaja akasimama mbele yangu. Mtu mfupi, mwembamba, koti la kaki limepauka mabegani, kofia ya kitambaa, miguu imepasuka kwa chumvi. Akachota chembe kwenye kichuguu changu, akaionja, akatema.

"Wewe wa wapi?"

"Mmakonde, mzee."

"Nilijua. Umekuja kuchimba kaburi au kuvuna chumvi?"

Watu wakacheka. Akaniwekea mkono wake juu ya wangu, akaushusha mpini. "Chumvi haitaki nguvu, mwanangu. Inataka adabu. Ubao uibusu sakafu tu, usiitafune. Na usirudi kinyumenyume, enda upandeupande, kama kaa. Mkono wa chini uweke mbali."

Huyo ndiye Mzee Nambunga. Mmwera wa Kitomanga, aliyeshuka pwani kijana akaikuta chumvi akaisahau njia ya kurudi. Shamba hilo, upande wa Kilwa, wakati ule lilikuwa la ushirika, na yeye alikuwa mnyapara wake. Alinifundisha yote. Alinifundisha kuweka yai bichi kwenye maji, kuona kwa jinsi linavyoelea yameiva vipi. Alinifundisha kwamba chumvi ikishakaa chini, yale maji yanayobaki juu ni machungu na lazima yamwagwe, ukiyaacha chumvi inakuwa chungu na inalia ndani ya gunia, gunia halikauki hata ukilianika mwaka. Na lini hasa uyamwage, hilo hakuwa na kipimo nalo ila ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anatema. "Bado." Kesho tena. "Bado." Siku ya tatu: "Mwaga!" Tunamwaga.

Ushirika ukafa, kama mnavyojua vilivyokufa vyama vingi. Malango yakaoza. Majaruba yakaota magugu ya pwani. Ruksa ilipokuja mimi nikalichukua lile shamba pamoja na madeni yake, watu wakanicheka, na baada ya viangazi vitatu wakaacha kucheka. Nikapata lori. Nikawapa kazi watu hata sikumbuki ni wangapi. Kule bara, Njinjo, walikuwa wakiniita Bwana Chumvi, na mimi nilikuwa nikisikia jina hilo naendesha polepole ili nilisikie tena.

Sasa mtu akishapata, anataka kuonekana amepata. Wengine walioa mke wa pili. Mimi Mkristo, nikasema nitaonekana kwa Mzee Nambunga. Yule mzee alinifanya mtu. Alikuwa amefiwa na mkewe, anaishi na binti yake Zainabu nyumba ya tatu kutoka shambani, na bado kila alfajiri yumo matopeni, umri ule, koti lile lile. Watu wangesemaje? Kwamba Kosmasi ana lori na mzee wake anavuta reki?

Nikamwita fundi seremala wa Kilwa, nikamwambia anitengenezee kiti cha uvivu, cha mninga, cha turubai nene. Nikanunua na redio. Nikaenda navyo kwa Mzee Nambunga mchana kweupe, na lori, ili kila mtu aone. Nikasema mbele za watu: "Kuanzia leo mzee huyu hatagusa reki. Atakayemwomba afanye kazi, amenitukana mimi." Nikampa na mtu wa kumchotea maji ya udhu. Zainabu akalia kwa furaha. Watu wakapiga makofi. Mzee akatazama kiti, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante, mwanangu," akakaa.

Jamani, nilijisikia mkubwa siku ile!

Mwezi wa kwanza alikuwa akiniuliza kila nikipita: bamvua limeingia? Jaruba la mashariki umelikanyaga tena? Na mimi, kwa heshima zangu, namjibu, "Mzee, usijisumbue na hayo, pumzika." Mwezi wa pili akaacha kuuliza. Watu walikuwa wakipita barazani, "Shikamoo mzee," "Marahaba," na wanaondoka zao, maana wataongea naye nini? Zamani kila mtu alikuwa na la kumuuliza. Mzee aliyekuwa na maneno elfu kwa siku akabaki na neno moja, marahaba. Zainabu naye akawa hamruhusu hata kuinama kuokota kandambili zake.

Miguu ikaanza kuvimba. Mapaja yakanywea, koti likawa linamvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Akaacha kwenda msikitini kwa sababu ya ngazi mbili, ngazi mbili tu jamani, mtu aliyekuwa anabeba debe la maji begani. Chakula anakitazama. Redio imewashwa na yeye hasikilizi.

Jioni moja nilimletea samaki. Akanishika mkono. Ulikuwa mkono laini, na hilo lilinishtua, maana mkono wa Mzee Nambunga ulikuwa kama gome.

"Kosmasi," akasema taratibu. "Kwani nimekosa nini?"

"Umekosa nini wapi, mzee?"

"Shambani. Kama kuna kilichoibiwa, niulize. Kama nimezeeka nikaharibu jaruba, niambie. Miezi yote hii najiuliza nilipokosea ukanifukuza."

Nikasema, "Mzee, hii ni heshima." Akautazama ukuta. "Basi heshima yako nzito, mwanangu," akasema. "Naishindwa."

Nikampakia kwenye lori nikampeleka zahanati. Tabibu akampima, akamfinya miguu, akamwinua akamwambia atembee hatua nne, akashindwa. Akaniita pembeni. "Huyu ana presha kidogo, chumvi ya mezani apunguze. Lakini kinachomuua siyo presha. Mmemkalisha tangu lini?"

"Nimempumzisha," nikasema kwa ukali.

"Basi mwondoe mapumzikoni. Misuli ya mzee ni kama kisima, usipochota kinajifukia. Atembee kila siku. Na awe na la kumtoa kitandani asubuhi. Akiendelea hivi, masika hayamkuti."

Dawa nilikuwa tayari kununua, hata za bei mbaya. Kumwambia mzee atembee, hiyo haikuwa dawa ya tajiri. Hata hivyo nikajaribu. Nikamwambia, "Mzee, simama tufanye mazoezi." Akaniuliza, "Tuende wapi?" Nikarudi na wazo jingine. Nikamwambia nimemfanya mshauri mkuu wa shamba, akae mlangoni ahesabu magunia yanayotoka. Akacheka kidogo, cheko la kuniaibisha. "Magunia yana mhesabuji, Kosmasi. Usinipe kazi ya kuchezea, kama mtoto anayepewa kijiko wakati mama anapika."

Zainabu akaanza kulia jikoni, safari hii siyo kwa furaha. Kiangazi kilikuwa kinakaribia mwisho, na mimi nilikuwa nayahesabu majuma mpaka mvua.

Hapo ndipo akaja Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa Mmatumbi wa Njinjo, na umri wake na wa Mzee Nambunga ulikuwa mmoja, kama si kumzidi. Kila kiangazi alishuka pwani na mikeka yake na mchele, akarudi na chumvi. Babu zake na wa Mzee Nambunga walikuwa watani, na wao wakaurithi utani kama wengine wanavyorithi minazi. Nyie wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekana. Mtani ni mtu mzito. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Na ukifa, yeye ndiye anayeingia msibani kwa vituko: anavaa nguo zako, anatembea kama ulivyotembea, anasema kama ulivyosema, wafiwa wanacheka huku wanalia, na haondoki mpaka apewe haki yake. Mtu asiyeigizwa na mtani wake, kwa wazee wale, alikuwa kama hajazikwa sawasawa.

Akafika kwa miguu toka stendi, mzigo kichwani, shingo imenyooka kama msichana. Akaingia uani, akamwona Mzee Nambunga kitini, akatua mzigo. Nilikuwepo, na Zainabu, na majirani wachache. Nilitegemea shikamoo na pole. Yule bibi akashika kiuno.

"Kumbe bado hujafa? Njiani nimeambiwa upo upo tu. Mmwera we, mvivu hata wa kufa!"

Zainabu akafunika mdomo. Mzee akafumbua jicho moja. "Somoe. Umekuja."

"Nimekuja kukulilia."

"Sijafa."

"Najua hujafa, sina upofu. Lakini hebu fikiri, Mmwera. Njia ya Njinjo wewe unaijua. Masika yakianza mto unakata, gari halipiti mpaka mwezi wa tano. Na wewe kwa jinsi ulivyo, utakufa masika. Sasa mimi nitafikaje? Nikukose? Haki yangu ya utani aile nani? Nimesema bora nikulilie kabisa kiangazi hiki, njia ikiwa kavu. Ukija kufa, ufe zako, mimi nitakuwa nimeshamaliza."

Hakungoja jibu. Akaingia ndani kama kwake, akatoka amevaa lile koti la kaki, na kofia, na mkononi reki ya mzee ambayo Zainabu alikuwa ameificha nyuma ya mlango. Akasimama katikati ya ua. Akakohoa kikohozi cha Mzee Nambunga, kile cha mara mbili na moja ndogo. Majirani wakaanza kucheka. Akachovya kidole hewani, akaonja, akatema: "Bado!" Watu hoi. Sauti yake yenyewe! Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimekasirika.

Kisha akaanza kuvuna. Akaishika reki kwa mikono miwili iliyobanana, akainama, akaivuta kwa nguvu zake zote, akirudi nyuma, chwaa, chwaa, mchanga wa uani unachimbika.

"Somoe," Mzee akasema.

"Maiti haisemi."

"Unatoboa sakafu."

"Jamani mnasikia? Marehemu anapiga kelele. Mfungeni kidevu." Chwaa, chwaa.

"Hiyo unalima mpunga! Mkono wa chini weka mbali!"

"Sisikii, sauti inatoka ahera."

"Mbali, Somoe! Na usirudi nyuma, enda upande!"

"Mimi Mmatumbi, sijui mambo ya kwenda kama kaa. Kama kuna anayejua, aje anioneshe. Kama hakuna, mwakani nitawaambia watu wote wa Njinjo kwamba Nambunga alivuna chumvi hivi maisha yake yote." Akachimba tena, shimo la kutosha kupanda mnazi.

Mzee Nambunga akashika mikono ya kiti. Nikaona mishipa ya shingo. Akanyanyuka nusu, akarudi, turubai likalia. Zainabu akaruka kumshika, na mimi nikapiga hatua.

"Muacheni!" Bi Somoe akafoka, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Atakayemgusa atanilipa jogoo."

Tukasimama. Mzee akajaribu tena. Magoti yalikuwa yanatetemeka kama ya ndama. Akanyanyuka, akayumba, akasimama. Hatua moja. Ya pili akapumzika, kichwa chini. Sijawahi kuona hatua ndefu kama ile ya tatu, na nimesafiri. Akaifikia reki, akaishika, ikawa gongo lake kwanza, akapumua. Kisha akauweka mkono wa chini mbali, akaulaza ubao, akauvuta upandeupande, nao ukapita juu ya mchanga bila kuukwaruza, ukaacha mahali laini kama pameoshwa.

"Hivi," akasema. "Mjinga we."

Bi Somoe akalivua koti akamvisha mabegani. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Haya," akasema, "sasa nimeona. Nitajifunza."

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilisema naenda kukagua lori. Lori halikuwa na tatizo lolote.

Siku zilizofuata msidhani alipona kama kwenye hadithi. Siku ya kwanza alitembea mpaka mlangoni pa ua. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akarudi. Siku ya tano mpaka nyumba ya pili. Bi Somoe alikaa majuma mawili badala ya siku mbili, kila asubuhi anamtukana mpaka anatoka nje kumjibu. Siku nyingine miguu iligoma na hakuenda popote. Lakini kabla bibi hajapanda gari kurudi Njinjo, Mzee Nambunga alifika shambani kwangu kwa miguu yake, amejishikilia reki.

Akakuta nini? Sasa niwaambie aibu yangu, maana majivuno yangu mmeyasikia. Bila yeye nilikuwa nimenunua kipimo cha kioo, kile cha kutumbukiza majini kinaelea na kusoma namba. Nilikisifia mji mzima. Na chumvi yangu mwaka ule ilikuwa chungu, na magunia yalikuwa yanalia, na wanunuzi wa bara wananitazama kama mwizi. Nikawa naficha. Mzee akachovya kidole bwawani, akaonja, akatema.

"Kioo chako kinajua uzito," akasema. "Uchungu hakiujui. Mwaga haya leo."

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekifanya kwa karibu mwaka mzima. Akatembea juu ya tuta la bwawa kubwa, polepole, kichwa chini. Akainama, akanionesha. Tundu la kaa. Hatua kumi, tundu jingine. Kumbe maji yangu yalikuwa yanavuja baharini usiku na mchana, mimi nalaumu jua. Zamani yeye alikuwa akiyaziba kila asubuhi kabla sisi hatujaja, na hakuna aliyejua kwamba ni kazi, tulidhani mzee anatembea tu.

Hapo nikaacha kuwa mjinga. Sikumwambia ashauri, sikumwambia ahesabu. Nikamwambia, "Mzee, tuta linanishinda. Nisaidie." Macho yake yalibadilika. Fundi akamkatia reki fupi, ya nusu, ya kujishikilia na kusukumia udongo. Kila alfajiri alizunguka tuta, anaziba matundu kwa tope na kisigino, anaonja maji, anatema kwa sababu ya presha, na akiona msichana anavuta reki kwa nguvu anamwita, "We binti, unachimba kaburi la nani?" Jua likipanda anaondoka. Reki nzito hakugusa tena, mwenyewe hakutaka. Nilichomnyima siyo jasho. Nilimnyima kuhitajiwa, na mapaja yakafuata nyuma.

Msikitini akarudi, ngazi mbili akazipanda. Mikono ikarudi kuwa gome. Na kile kiti cha mninga kuku wa Zainabu aliona turubai limebonyea vizuri, akatagia humo.

Kila kiangazi Bi Somoe alikuja. "Bado upo? Nilishakulilia, unanidhulumu!" Naye, "Nenda zako, nasubiri nikuzike wewe kwanza." Akina mama wa shambani walikuwa wanaacha kazi kuwasikiliza, na mimi sikuwahi kuwakemea.

Mwaka wa saba Mzee Nambunga alifariki. Ilikuwa masika, kama bibi alivyosema. Alizunguka tuta asubuhi, mvua ilikuwa imepumzika, akarudi akaomba uji, akasema kichwa kizito, akalala. Zainabu alimkuta na tope bado kisiginoni. Tulimzika siku ile ile. Mto umekata, njia ya Njinjo haipo, hatuna wa kumpelekea habari. Msiba ukawa kimya. Hakuna aliyevaa koti, hakuna aliyekohoa. Mzee mmoja akasema, "Huyu alililiwa zamani," watu wakatabasamu, ikaishia hapo.

Njia ilipokauka akaja. Alikuwa amejua njiani. Hakupita nyumbani kwanza, alikuja moja kwa moja shambani, alfajiri, na Zainabu akamletea koti pale pale. Akalivaa. Akaomba ile reki fupi. Akapanda juu ya tuta.

Akatembea kama yeye. Ule mwendo wa upandeupande, kichwa chini, mkono mmoja mgongoni. Akakohoa mara mbili na moja ndogo. Akainama, akaziba tundu kwa tope, akalikandamiza kwa kisigino, akageuza kisigino mara moja kama mzee alivyokuwa anakigeuza. Kila kitu sawa. Sote tuliacha reki zetu, na hakuna aliyecheka. Alizunguka tuta lote, bibi mzee yule, na kila tundu aliloliona aliliziba kweli, siyo kwa kuigiza. Alipofika langoni akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Bado," akasema.

Zainabu akamletea jogoo, haki ya mtani. Bi Somoe akamrudisha. "Mimi nilishalipwa, mwanangu," akasema. "Siku ile aliposimama."

Basi. Shamba sasa nimewaachia wanangu, wanalijua, ingawa hawanifikii. Goti langu mnalijua. Binti yangu, kiti nimekipokea kwa mikono miwili, na upendo wako nimeuona. Lakini kesho alfajiri nitakwenda shambani, mguu mmoja mbele ya mwingine, nikachukue reki fupi ya Mzee Nambunga iliyopo nyuma ya mlango wa ghala. Msiniambie nipumzike. Niambieni tuta linawashinda. Kama haliwashindi, nichokozeni, nitukaneni mkitaka, mradi niwe na wa kumjibu.

Kiti kipelekeni uani. Kuku wana mayai.